Ubishi wa Vivinjari kwenye Barabara ya Kasapa

Mama huyo hakuja kupiga kelele, na nadhani ndiyo sababu maneno yake yamenikaa hadi leo. Alikuwa muuza unga wa mahindi katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo, na siku tatu kabla ya hapo, alipokuwa analeta unga kwa wanafunzi waliopanga jirani nasi, alipita kwenye duka letu la barabara ya Kasapa ili tumfungulie barua pepe na kumchapishia karatasi alizotumiwa na mwanawe aliyekuwa anasoma ng'ambo. Neno la siri alisomewa kwa simu na mwanawe huyo, akaliandika kwenye kipande cha daftari. Sasa alirudi, akaketi, akaweka mfuko wake sakafuni na kuniuliza kwa sauti ya chini: «Papa, ni nani aliyeniandikia ugonjwa?»

Mwanawe alikuwa amempigia simu usiku, akiuliza yuko hospitali gani. Barua ilikuwa imetoka kwa jina la mama ikisema kwamba amelazwa na kwamba zinahitajika dola 100 upesi. Kwa bahati nzuri kijana yule alipiga simu kabla ya kutuma pesa. Nilikwenda kwenye kompyuta namba mbili, ile aliyohudumiwa mama, nikafungua ukurasa wa barua pepe, na sikuulizwa chochote: sanduku lake lilifunguka lenyewe, jina na neno la siri vikiwa vimeshajazwa. Kijana wetu wa kazi, alipokuwa anamsaidia, alikuwa ameulizwa na kivinjari, ile programu ya kufungulia tovuti, kama neno la siri lihifadhiwe, naye akabonyeza kitufe cha ndiyo, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinang'aa. Mteja yeyote aliyeketi pale baada yake alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mtu mkononi.

Kivinjari kilichokuwa kwenye kompyuta ile sitakitaja. Vivinjari vyote vikubwa huuliza swali lile lile, na aliyejibu vibaya tulikuwa sisi. Lakini jioni hiyo, mimi na mdogo wangu, tunayeshirikiana naye katika duka, hatukuzungumza hivyo. Yeye alisema kosa ni la kivinjari nilichokichagua mimi, nami nikasema kingekuwa chake mambo yangekuwa mabaya zaidi. Ndivyo ulivyoanza ubishi uliodumu miaka mingi kati yetu, na wateja wakaingia ndani yake kama watu wanavyoingia katika ubishi wa Mazembe na Lupopo: kila mmoja na timu yake.

Duka lenyewe lilifunguliwa mwaka 2011. Ni sekretaria kama zile zote zilizo karibu na Chuo Kikuu cha Lubumbashi: tunapiga fotokopi, tunachapa kazi za wanafunzi, zile TFC, kazi za kumalizia mzunguko wa masomo, tunajaza fomu, na tunakodisha kompyuta nne kwa saa. Kompyuta zilikuwa za okazio, yaani zilizokwisha kutumika, zimekuja kwa meli kutoka Ulaya zikiwa na Windows XP, mfumo wa mwaka 2001. Kivinjari kilichokuwamo kilikuwa Internet Explorer, ambacho kwenye Windows XP hakikuweza kupanda kupita toleo la 8. Neno «kivinjari» lenyewe watu wa hapa hawalitumii sana. Wengi husema «navigateri», na wazee wengine husema tu «intaneti», kana kwamba mlango na nyumba ni kitu kimoja. Nitaliandika hata hivyo, kwa kuwa ni neno zuri na linaeleweka.

Mimi nilikuwa mtu wa Firefox. Nilikipenda kwa sababu kilitengenezwa na shirika lisilotafuta faida, Mozilla, na kwa sababu toleo lake la kwanza kamili, la Novemba 2004, liliwaonyesha watu kwamba haikuwa lazima kuridhika na kile walichokikuta ndani ya kompyuta. Mdogo wangu alikuwa mtu wa Chrome, ambacho Google ilikitoa Septemba 2008, na sababu yake ilikuwa moja: kinafunguka haraka. Baadaye aliongeza nyingine, na hiyo ndiyo iliyonisumbua, kwa sababu ilikuwa ya kweli. Alisema Chrome tangu kilipozaliwa kiliutenga kila ukurasa katika chumba chake, ili ukurasa mmoja ukiwa na sumu usiambukize nyingine wala usiifikie kompyuta yenyewe. Nilibishana naye muda mrefu kabla ya kusoma na kukubali kwamba Firefox kilianza kugawa kazi zake kwa namna hiyo mwaka 2016, na kwamba kuitenga kila tovuti kabisa, jambo ambalo Chrome kilianza kulifanya kwa kompyuta zote mwaka 2018, kwa Firefox kulikuja mwaka 2021. Katika hilo la kuta za ndani, yaya, yaani kaka mkubwa, alikuwa mimi, lakini aliyekuwa mbele alikuwa yeye.

Kulikuwa pia na kundi la tatu, ambalo halikuketi kwenye kompyuta zetu kamwe. Hao walikuwa wanafunzi wenye simu ndogo za vitufe, na kivinjari chao kilikuwa Opera Mini. Nilikidharau mpaka siku nilipohesabu. Opera Mini hakiendi chenyewe kwenye tovuti unayoitaka; huomba seva, yaani kompyuta, za kampuni ya Opera ziende, zizipunguze picha na maandishi, kisha zikuletee kifurushi kidogo. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja kwa faranga chache, kurasa kumi zilizokuwa zinammaliza ziliweza kuwa hamsini. Mwanafunzi wa sheria aliwahi kuniambia kwamba bila kivinjari hicho asingesoma gazeti hata moja kwa mwaka mzima, nami sina sababu ya kumkanusha.

Tatizo lake ni lile lile linalokifanya kuwa kizuri. Ili seva ipunguze ukurasa, ni lazima iusome kwanza, na kwa hiyo, katika hali yake ya kubana sana, usiri hauanzii kwenye simu yako na kuishia kwenye benki. Unavunjwa katikati na kufungwa upya. Kampuni yenyewe haikuficha jambo hilo, lilikuwa limeandikwa katika maelezo yake, ila nani kati yetu alisoma maelezo? Tangu nilipolielewa, niliwaambia wateja jambo ambalo bado nalisema: kusoma habari, matokeo ya mpira na masomo, tumia hicho, barua pepe na pesa, usitumie. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefungua barua pepe yangu humo kwa miaka miwili, na hakuna kilichonipata. Lakini kutopatwa na jambo si sawa na kulindwa nalo.

Jambo lililotugharimu kweli lilikuwa masasisho, yale ambayo hapa tunayaita «mizajuru». Mtu wa nchi yenye intaneti ya bei nafuu husema «sasisha kivinjari chako» kama anavyosema «nawa mikono». Kwetu kila sasisho lilikuwa na bei. Kompyuta nne, kila moja ikishusha faili lake wakati wowote inaopenda, mara nyingi saa nne asubuhi duka likiwa limejaa, zilikuwa zinakula mega ambazo mteja alikuwa amezilipia. Mwaka 2013 mdogo wangu alizima masasisho kwenye zote nne bila kuniambia. Aliponiambia, ilikuwa imepita miezi saba, na nakiri kwamba sikukasirika sana, kwa sababu katika miezi hiyo saba tulikuwa tumeona faida ambayo hatukuwa tumeiona kabla.

Kisha kompyuta namba nne ikaanza kufungua kurasa za matangazo ambazo hakuna aliyeziomba, na ukurasa wa kutafutia ukawa mwingine, wenye jina ambalo hatukulijua. Nilikuwa na hukumu yangu tayari: ni kwa sababu ya toleo la zamani, nimekwambia, ona sasa. Tulikaa nayo jioni nzima, umeme ukaenda na kurudi mara mbili, na mwishowe tukagundua kwamba toleo la zamani halikuhusika hata kidogo. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameweka kiendelezi, programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari, cha kushushia video, na kiendelezi hicho, alipokiweka, kiliomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu katika kila tovuti, naye akaikubali. Kivinjari kipya kabisa kingefanya vivyo hivyo, kwa sababu kilichofanyika kilikuwa kimeruhusiwa. Tulikiondoa, na tangu siku hiyo akaunti wanazotumia wateja haziwezi kuongeza chochote. Niliumia kidogo kwamba nilikosa ushahidi wangu.

Lakini katika suala la matoleo sikuwa nimekosea, ila sababu niliyokuwa naitoa ilikuwa dhaifu. Sababu yenye nguvu niliielewa baadaye. Watengenezaji wanapoziba tundu la usalama katika kivinjari, wanatoa kiraka hadharani, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kulinganisha toleo la jana na la leo ili aone tundu lilikuwa wapi. Kwa hiyo siku kiraka kinapotoka, aliyebaki na toleo la jana yuko katika hatari kubwa kuliko alivyokuwa juzi, kwa sababu sasa ramani ya udhaifu wake inapatikana. Kasi nayo imeongezeka: Firefox kilianza kutoa toleo jipya kila wiki nne mwaka 2020, Chrome kikafuata mwaka 2021, na tangu Agosti 2023 Chrome hutoa viraka vya usalama karibu kila wiki. Miezi saba ya mdogo wangu, kwa hesabu ya leo, ingekuwa karne.

Tulipata njia, na si ya ajabu. Mitandao hapa huuza forfe, yaani vifurushi vya intaneti, za usiku ambazo bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ile ya mchana. Tulianza kukesha mara moja kwa mwezi, kwa zamu, tukishusha faili kamili la usakinishaji kutoka kwenye tovuti rasmi ya kila kivinjari, la Chrome likiwa zito zaidi kuliko la Firefox, kisha kulihamisha kwa flashi kwenye kompyuta zote. Faili moja, kompyuta nne. Tulipowaeleza majirani wenye sekretaria kama yetu, wawili walicheka na mmoja akaja na flashi yake. Ninasisitiza tovuti rasmi, kwa sababu njia ile ile ya flashi na faili la mkononi ndiyo inayobeba uchafu kuliko zote mjini hapa. Faili lenye jina la kivinjari linalozunguka kutoka simu hadi simu si kivinjari mpaka lithibitishwe.

Hilo lilionekana wazi mwanzoni mwa mwaka 2019. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu siku 20. Duka lilibaki na fotokopi tu. Dereva mmoja wa malori, mteja wetu, alikuwa akienda Kasumbalesa, mpakani, kunasa mtandao wa Zambia na kurudi na habari za watu watano watano. Katika siku hizo wanafunzi walipeana, kwa bluetooth, kivinjari «kinachopita». Kilikuwa na nembo ya kivinjari ninachokifahamu, ila rangi ilikuwa tofauti kidogo. Mtandao ulikuwa umezimwa kuanzia kwenye mitambo, kwa hiyo hakuna kivinjari kingepita popote, lakini aliyekosa maji siku kumi hachunguzi kikombe. Nilikiangalia kwenye simu ya binti mmoja na kuona kilikuwa kimeomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi. Kivinjari kina kazi gani na ujumbe wako mfupi? Huko ndiko zinakoingia namba za uthibitisho za akaunti zetu na risiti za pesa ya simu. Alikifuta mbele yangu, na wengine wanne siku hiyo hiyo.

Nirudi kwenye Windows XP, kwa maana hapo ndipo nilipojidanganya kwa fahari. Chrome kiliacha kuihudumia mwezi wa Aprili 2016, wakati Firefox, kupitia toleo lake la muda mrefu la 52, kiliendelea hadi mwaka 2018. Nilimcheka mdogo wangu miaka miwili mizima: kivinjari chako kimekutupa, changu kiko nami. Alinijibu mara moja tu, na jibu lake lilinifunga mdomo. Alisema Microsoft yenyewe iliacha kuitengeneza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, kwa hiyo mimi nilikuwa nimefunga mlango mpya wa chuma kwenye ukuta uliokwisha kuliwa na mchwa. Tuliacha kubishana, tukaweka Linux, mfumo mwingine wa kompyuta usiolipiwa, kwenye kompyuta zote nne. Wateja walilalamika wiki moja kuhusu rangi na mahali pa vitufe. Wiki ya pili hakuna aliyekumbuka, kwani kivinjari kilikuwa kile kile, na wengi wao hawakutoka nje ya kivinjari tangu waketi hadi walipe.

Hadithi hiyo ilijirudia kwa kompyuta zenye Windows 7. Chrome kilisimama kwenye toleo la 109, la Januari 2023, na Firefox 115, kilichotoka Julai mwaka huo huo, kiliendelea kupewa viraka kwa ajili ya mashine hizo. Safari hii sikumcheka mtu. Ninawaambia tu wenye kompyuta za namna hiyo, na ni wengi katika mji huu, kwamba kama hawawezi kubadilisha mfumo kwa sasa, kivinjari kinachopewa viraka ni bora kuliko kilichoachwa, na wasifikiri zaidi ya hapo.

Miaka hiyo yote kulikuwa na jambo ambalo hatukuliona, nalo ni kwamba tulikuwa tunagombania mambo mawili kwa neno moja. Mdogo wangu aliposema «usalama» alimaanisha mwizi: anayevunja, anayeweka kirusi, anayechukua neno la siri. Mimi niliposema «usalama» nilimaanisha mchunguzi: anayekufuata kutoka tovuti hadi tovuti, akiandika ulichosoma ili akuuzie kitu. Kwa upande wa mwizi, Chrome kina wahandisi wengi na viraka vya haraka. Kwa upande wa mchunguzi, ni vigumu kumwomba anayeishi kwa kuuza matangazo afunge macho. Firefox kilivitenga kwa chaguo-msingi vile vidakuzi vinavyokufuata, faili ndogo ambazo tovuti huziacha ndani ya kivinjari, kila tovuti na mtungi wake, Juni 2022. Google iliahidi mwaka 2020 kwamba Chrome kitaachana na vidakuzi vya wahusika wengine, ikaahirisha mara kadhaa, na Julai 2024 ikasema haitaviondoa tena kwa namna ile. Niliposoma habari hiyo nilimpelekea mdogo wangu bila kuongeza neno. Alinijibu kwa swali: «Yaya, na huyo Mozilla wako analishwa na nani?» Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, inayolipa ili iwe mtambo wa kutafutia katika Firefox. Swali hilo sina jibu lake la kumfurahisha.

Kuna ubishi mwingine ambao siuingii tena kabisa. Mteja anapouliza kama ahame kutoka Chrome kwenda Edge, au Brave, au Opera, mimi humkumbusha unga. Mahindi yanasagwa kwenye kinu kimoja, kisha unga unatiwa katika mifuko minne yenye picha nne tofauti. Kinu cha kivinjari ni ile sehemu ya ndani inayochora kurasa. Opera kiliacha kinu chake mwaka 2013, Edge kikaacha chake Januari 2020, na vyote hivyo, pamoja na Brave, vinasaga kwa Chromium, mradi ambao Google ndiyo inayoubeba. Tundu likipatikana kwenye kinu, limo katika mifuko yote, na kiraka kwa kawaida hufika kwanza kwenye mfuko wa mwenye kinu. Wengine hufuata baada ya siku kadhaa. Tofauti zao zipo, Brave kwa mfano huzuia matangazo bila kuombwa, lakini ni tofauti za mfuko. Firefox kina kinu chake, Gecko, na Safari, kivinjari cha Apple, kina chake, WebKit. Hiyo ndiyo sababu iliyobaki moyoni mwangu ya kukipenda Firefox, nayo si ya usalama wa duka langu. Mji wenye kinu kimoja hauna wa kumwambia mwenye kinu kwamba bei imezidi.

Matangazo nayo yana sura nyingine hapa kwetu, ambayo wanaoandika kutoka Ulaya hawaigusi. Tangazo la video linalojifungua lenyewe linakula mega za mtu aliyeruka mlo ili azinunue. Tulipoweka uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo, kwenye kompyuta zote, tuliona forfe ya mwezi ikifika mwisho wa mwezi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu tufungue. Pia zilipungua zile kurasa zinazokutisha kwamba simu ina virusi. Kuanzia mwaka 2024 Chrome kilianza kuzima viendelezi vya mtindo huo wa zamani, na kikabaki na toleo lililopunguzwa, wakati Firefox kinaendelea kukubali lile kamili, hata kwenye simu ya Android. Mdogo wangu, mtu wa Chrome, sasa ana Firefox kwenye simu yake. Anasema ni kwa ajili ya mega tu.

Yote hayo hayakumsaidia kijana mmoja wa mwaka wa tatu aliyekuja na furaha, akiwa amepata ufadhili wa kusoma Kanada. Alikuwa ameshalipa dola 50 za kufungua dosye, yaani faili la maombi, kwa pesa ya simu. Aliniambia alikuwa mwangalifu: kivinjari kilikuwa kipya, na picha ya kufuli ilikuwapo pale juu, kando ya anwani. Tovuti ilikuwa ya uongo tangu herufi ya kwanza. Kufuli lilikuwa la kweli, kwa maana lilisema tu kwamba hakuna anayesikiliza njiani kati yake na upande wa pili. Halikusema upande wa pili kuna nani. Tangu cheti cha kufuli kianze kutolewa bure na mradi wa Let's Encrypt mwishoni mwa mwaka 2015, jambo lililokuwa jema sana kwa intaneti nzima, tapeli naye hukipata kwa dakika chache. Google walikiri kwamba watu wanalielewa vibaya, na Septemba 2023 Chrome kikaondoa picha ya kufuli kwenye kompyuta na kuweka alama nyingine. Vivinjari vikubwa vina orodha za tovuti mbaya; Chrome, Firefox na Safari vyote hutumia ile ya Google. Lakini tovuti ya kijana ilikuwa na siku chache tu, na haikuwa imeingia katika orodha yoyote. Nilikaa naye, tukasoma anwani pamoja, herufi kwa herufi, kutoka kulia kwenda kushoto, na alipofika kwenye nukta ya pili alinyamaza.

Kuhusu dirisha la faragha, nilikuwa nalidharau, kwa sababu wateja walidhani linawaficha kwa kila mtu. Haliwafichi kwa tovuti wala kwa mtandao. Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilo hilo, na mwaka 2024 ikakubali katika suluhu kufuta kumbukumbu nyingi ilizokusanya watu wakiwa humo. Kitu pekee linachokifanya kwa hakika ni kusahau historia, vidakuzi na maneno ya siri unapolifunga. Siku moja nilitambua kwamba kwa kompyuta inayotumiwa na watu thelathini kwa siku, kusahau ndiyo kazi yenyewe. Tangu hapo vivinjari vyote vya duka hufunguka katika hali hiyo tu, na swali la kuhifadhi neno la siri limezimwa kabisa. Laiti tungefanya hivyo mwaka ule wa mama wa unga, barua ya ugonjwa isingeandikwa. Mama huyo bado anapita. Sasa ana simu yake mwenyewe, na hakubali mtu mwingine aiguse anapoandika neno la siri, hata mimi. Hunigeuzia mgongo kwanza.

Ukutani, nyuma ya mashine ya fotokopi, kuna daftari linaloning'inia kwa uzi. Kila mwezi, baada ya usiku wa forfe, tunaandika humo namba ya toleo la kila kivinjari kwenye kila kompyuta. Mdogo wangu huanza na Chrome, mimi nikishika zamu huanza na Firefox, kwa hiyo ukilifungua utajua ni nani aliyekesha. Mwezi uliopita mstari wa kompyuta namba nne ulikuwa mtupu. Nilimwuliza. Alisema umeme ulirudi saa tisa usiku, na saa kumi na moja forfe ilikuwa imekwisha. Nilimpa pesa ya forfe nyingine, akaenda kwa muuza uniti wa pembeni, na usiku huo tukaijaza.